Fotoni Ilipita Wapi? Mwongozo wa Kukokotoa Yaliyopita katika Fizikia ya Kwanta

Vitabu vingi vya fizikia ya kwanta hufundisha njia moja: umepewa hali ya mwanzo, tafuta uwezekano wa tokeo lijalo. Maabara, kazi mara nyingi huja imegeuka. Kigunduzi kimeshalia, tokeo unalo mkononi, na unachotaka kujua ni kilichotangulia. Fotoni hii, yaani chembe moja ya nuru, ilitumwa ikiwa katika hali gani? Ilipopimwa katikati ya safari, ilitoa jibu gani?

Maswali hayo yana majibu, tena ya namba. Ila ndiyo hayo hayo yanayozaa vichwa vya habari vya kushangaza mtandaoni, vya aina ya "wakati ujao wabadilisha uliopita". Ukifuata hatua zilizo hapa chini utapata namba sahihi, na utaweza kumjibu anayekuletea vichwa hivyo. Unahitaji kujua kuzidisha sehemu, uwe na kikokotoo chenye kosaini, na karatasi. Matriki zinatokea mara moja tu karibu na mwisho, na asiyezijua anaweza kuziruka bila hasara.

Hatua ya 1: Andika kilichofanyika, chote

Chora mstari wa wakati. Kushoto andika hali ya mwanzo: nani aliandaa chembe, na kwa namna gani. Kulia andika kipimo cha mwisho na tokeo lake. Katikati andika kama palikuwa na kipimo kingine, na orodhesha matokeo yote ambayo kipimo hicho kingeweza kutoa, si lile unalolifikiria tu. Kama hakuna kilichopimwa katikati, andika hivyo hivyo kwa maneno: "hapakupimwa kitu". Usiache nafasi tupu, maana ukifika hatua ya sita utaona kwamba nafasi tupu na maneno hayo vinaweza kukupa namba tofauti kabisa.

Chini ya mstari andika nani anajua nini. Hesabu ya kurudi nyuma daima ni ya mtu fulani mwenye taarifa fulani. Aliyepima katikati na kuandika jibu lake kwenye daftari hana haja ya uwezekano wowote, keshajua. Wewe ambaye hujaliona daftari lake ndiye unayekokotoa.

Hatua ya 2: Nenda mbele kwanza

Hakuna kurudi nyuma bila kujua kwenda mbele. Kanuni ya kwenda mbele ni ya mwanafizikia Max Born, aliyeitoa mwaka 1926. Wazo la kwamba lazima uchukue mraba, kama utakavyoona hapa chini, aliliongeza kwenye tanbihi, makala ikiwa tayari iko kwa wachapishaji. Tanbihi hiyo ilichangia kumpatia tuzo ya Nobel mwaka 1954.

Tutatumia nuru kwa sababu pembe zake zinaonekana kwa macho. Kila fotoni katika mifano yetu ina mwelekeo wa mtetemo, ambao wanafizikia huuita polaraizesheni. Ikikutana na kichujio kilichoelekezwa pembe nyingine, uwezekano wa kupita ni mraba wa kosaini ya tofauti ya pembe hizo. Tofauti ikiwa nyuzi 0, inapita kwa hakika. Nyuzi 30, robo tatu. Nyuzi 45, nusu. Nyuzi 60, robo. Nyuzi 90, haipiti kabisa. Ukiwa na miwani ya jua ya polaroidi, iweke mbele ya skrini ya LCD ya kompyuta kisha uizungushe polepole: utaona skrini ikififia mpaka kuwa nyeusi, halafu ikirudi.

Kitu kimoja cha kushika tangu sasa. Kosaini yenyewe, kabla hujaipiga mraba, inaitwa amplitudo. Inaweza kuwa chanya au hasi. Wanafunzi wengi huitupa mara tu wanapopata mraba, wakidhani kazi yake imekwisha. Iandike pembeni, tutaihitaji.

Hatua ya 3: Geuza kwa kanuni ya Bayes

Kanuni ya kugeuza ni ya kale kuliko kwanta. Mchungaji Thomas Bayes wa Uingereza alifariki mwaka 1761, na insha yake ilisomwa mwaka 1763 baada ya rafiki yake Richard Price kuikuta kwenye makaratasi yake. Kwa lugha ya kazi inasema hivi: kwa kila chanzo kinachowezekana, zidisha uwezekano wake wa awali kwa uwezekano wa chanzo hicho kuleta tokeo uliloliona. Jumlisha mazao yote. Kisha gawanya kila zao kwa jumla hiyo.

Mfano. Mtumaji anarusha sarafu. Kichwa, anatuma fotoni ya wima, yaani nyuzi 0. Mwenge, anatuma ya nyuzi 45. Wewe umeweka kichujio cha wima, na fotoni imepita. Ilitumwa ipi?

Ya wima: nusu mara 1, ni 1/2. Ya nyuzi 45: nusu mara nusu, ni 1/4. Jumla 3/4. Kwa hiyo uwezekano kwamba ilikuwa ya wima ni 1/2 gawanya kwa 3/4, sawa na 2/3. Umejifunza kitu, lakini si kingi.

Sasa tuseme umetumia fuwele inayogawa nuru njia mbili badala ya kichujio, na fotoni imetokea upande wa mlalo. Ya wima isingeweza kufika huko: zao lake ni sifuri. Basi ilikuwa ya nyuzi 45, kwa hakika kamili. Tokeo moja limekuacha na mashaka ya theluthi nzima, jingine limekupa hakika. Charles Bennett alilijenga juu ya jambo hili pendekezo lake la mwaka 1992 la kutumiana ufunguo wa siri kwa nuru. Mpokeaji hupima kwa kubahatisha kati ya pembe mbili, anazitupa fotoni zinazomwacha na mashaka, na kubaki na zile ambazo tokeo lake limeondoa uwezekano mmoja kabisa. Hizo zilizobaki ndizo zinazokuwa ufunguo. Kwa maneno mengine, kurudi nyuma kwa Bayes ndiyo kazi ya kila siku ya kifaa hicho.

Hatua ya 4: Ingiza kasoro za vifaa na uzito wa awali

Hakika kamili hukaa kwenye karatasi. Tuseme kigunduzi chako hukosea mara 2 katika kila 100, kikisema "mlalo" pale ilipotakiwa kiseme "wima", na kinyume chake. Kwa fotoni ya nyuzi 45 kosa hilo halibadilishi kitu, kwa kuwa pande zote mbili ni nusu kwa nusu. Kwa ya wima linabadilisha: badala ya sifuri una 0.02.

Rudia hesabu ya "mlalo". Ya nyuzi 45: 0.5 × 0.5 = 0.25. Ya wima: 0.5 × 0.02 = 0.01. Gawanya 0.25 kwa 0.26, unapata kama asilimia 96. Si mbaya.

Lakini ngoja. Sarafu ya mtumaji ikiwa si ya haki, na yeye hutuma fotoni za wima mara 9 katika 10, hesabu inakuwa 0.1 × 0.5 = 0.05 dhidi ya 0.9 × 0.02 = 0.018. Gawanya 0.05 kwa 0.068: asilimia 74 hivi. Kigunduzi ni kile kile, mlio ni ule ule, na "hakika" imeshuka mpaka robo tatu kasoro kidogo. Mtu asiyeuliza uzito wa awali hana haki ya kutaja asilimia yoyote ya yaliyopita. Ningependa sentensi hiyo ibandikwe kwenye mlango wa kila maabara, na si za fizikia tu.

Hatua ya 5: Kipimo cha katikati

Hapa ndipo kwanta inapoanza kujionyesha. Sasa tunajua mwanzo na tunajua mwisho, ila hatujaliona jibu la kipimo kilichofanywa katikati.

Chukua fotoni 1,600, zote za nyuzi 0. Katikati kuna fuwele iliyoelekezwa nyuzi 30. Inagawa nuru njia mbili: zinazotoka zikiwa nyuzi 30 na zinazotoka zikiwa nyuzi 120. Mwenzako ameandika kila moja ilipita njia ipi. Mwishoni kuna kichujio cha nyuzi 60. Unaulizwa: fotoni iliyofika mwisho na kupita kichujio hicho, ilitoka njia ya 30 au ya 120?

Hesabu kama vile unahesabu watu getini. Kutoka 0 kwenda 30 uwezekano ni robo tatu: fotoni 1,200. Zilizobaki 400 zinakwenda 120. Kati ya zile 1,200, tofauti ya 30 na 60 ni nyuzi 30, kwa hiyo robo tatu zinapita: 900. Kati ya zile 400, tofauti ya 120 na 60 ni nyuzi 60, robo zinapita: 100. Zilizopita mwisho ni 1,000, na 900 kati yake zilitoka njia ya 30.

Jibu ni asilimia 90. Ungejua mwanzo tu, ungesema asilimia 75. Taarifa ya mwisho imeongeza ujuzi wako kuhusu jambo lililokwisha kutokea, na hakuna maajabu ndani yake.

Ukilitaka kwa kanuni: kwa kila jibu la katikati, zidisha uwezekano wa kutoka mwanzo hadi jibu hilo kwa uwezekano wa kutoka jibu hilo hadi mwisho ulioonekana, kisha gawanya kwa jumla ya mazao ya majibu yote. Yakir Aharonov, Peter Bergmann na Joel Lebowitz waliichapisha mwaka 1964, na wanafizikia huiita ABL kwa herufi za majina yao. Ukiitazama vizuri utaona ni Bayes aliyevaa kanuni ya Born. Uzuri wake ni kwamba ukibadilishana mwanzo na mwisho, jibu halibadiliki.

Kabla hujaendelea, jibu lile swali la vichwa vya habari. Je, kichujio cha mwisho kimebadilisha kilichotokea katikati? Hesabu zilizozuiwa na kichujio. Kutoka njia ya 30 ni 300, kutoka njia ya 120 ni 300. Kwa hizo 600, jibu la kurudi nyuma ni nusu kwa nusu. Sasa ziunganishe: 900 na 300 ni 1,200, ile ile namba ya mwanzo. Ungeweka mwishoni kichujio cha pembe yoyote, au usiweke kabisa, njia ya 30 ingekuwa na fotoni 1,200. Ulichofanya mwishoni ni kuzipanga mafungu mawili, na kila fungu lina uwiano wake. Anayekuonyesha fungu moja tu akasema wakati umerudi nyuma, muulize lile fungu jingine liko wapi.

Hatua ya 6: Na kama hakuna aliyepima?

Ondoa fuwele ya katikati. Fotoni 1,600 za nyuzi 0 zinakwenda moja kwa moja kwenye kichujio cha nyuzi 60. Tofauti ni nyuzi 60, uwezekano ni robo, zinapita 400.

Linganisha: ukipima katikati zinafika 1,000, usipopima zinafika 400. Hizo 400 huwezi kuzigawa ukasema 360 "zilipitia 30" na 40 "zilipitia 120" kwa kutumia ile asilimia 90. Asilimia 90 ilikuwa ya zile 1,000, na zile 1,000 zilikuwepo kwa sababu mtu alipima.

Kwenye mpira, VAR inarudisha picha nyuma na kutuambia kama mpira ulivuka mstari, na kamera haibadilishi idadi ya mabao. Huku kamera yenyewe imegeuza matokeo ya mechi.

Sasa chukua zile amplitudo ulizoandika pembeni. Kupitia 30: kosaini ya 30 mara kosaini ya 30, ni 3/4. Kupitia 120: kosaini ya 120 ni hasi nusu, mara kosaini ya 60 ambayo ni nusu, unapata hasi 1/4. Palipopimwa, unapiga mraba kila moja kisha unajumlisha: 9/16 na 1/16, jumla 10/16, ndizo zile fotoni 1,000. Pasipopimwa, unajumlisha kwanza kisha unapiga mraba: 3/4 toa 1/4 ni 1/2, mraba wake 1/4, ndizo zile 400.

Kuna jaribio zuri la kati kwa kati. Acha fuwele ya nyuzi 30 ifanye kazi yake ya kugawa njia, lakini weka mbele yake fuwele ya pili iliyogeuzwa inayoziunganisha tena, njia zote mbili zikiwa na urefu sawa na bila mtu wala chombo kuandika fotoni ilipita ipi. Idadi inarudi 400. Kugawanyika peke yake hakukutosha. Kilicholeta 1,000 ni kule kubaki kwa alama mahali fulani, hata kama hakuna aliyeisoma. Kwa hiyo unapochora mstari wa wakati katika hatua ya kwanza, jiulize kama alama ya njia imebaki popote duniani: kwenye daftari, kwenye atomu, kwenye joto la kioo. Ikiwa imebaki, fuata hatua ya 5. Ikiwa haikubaki, swali la "ilipita ipi" halina namba ya kukupa.

Robert Griffiths alilifanya jambo hili kuwa kanuni rasmi mwaka 1984 katika kazi yake ya historia thabiti. Orodha ya matukio ya zamani unaruhusiwa kuipa uwezekano pale tu ambapo kujumlisha kwanza na kupiga mraba kwanza vinatoa namba moja. Kwenye mfano wetu ni 10/16 dhidi ya 4/16, kwa hiyo orodha imekataliwa.

Hatua ya 7: Jipime kwa masanduku matatu

Fumbo hili ni la Aharonov na Lev Vaidman, la mwaka 1991, na ndilo kipimo bora cha kujua kama hatua ya 6 imekuingia.

Chembe moja imeandaliwa ikiwa imesambaa sawasawa katika masanduku A, B na C. Amplitudo ya kila sanduku ni 1 gawanya kwa kipeuo cha pili cha 3. Mwishoni unafanya kipimo kinachokubali hali moja tu, ambayo amplitudo zake zina ukubwa ule ule ila ya C ni hasi. Unabaki na zile chembe zilizokubaliwa. Ukizidisha mwanzo na mwisho, mchango wa A ni 1/3, wa B ni 1/3, wa C ni hasi 1/3.

Anza na chembe 900, na katikati mtu afungue sanduku A peke yake. Anaikuta chembe humo mara 300, na kati ya hizo theluthi zinakubaliwa mwishoni: 100. Mara 600 haikuti. Hizo 600 sasa zimesambaa kati ya B na C, mchango wao ni 1/3 toa 1/3, yaani sifuri, na hakuna hata moja inayokubaliwa. Basi kati ya zilizokubaliwa zote, 100 kwa 100 zilikutwa A. Hakika kamili: chembe ilikuwa A.

Rudia, ila afungue B peke yake. Namba ni zile zile. Hakika kamili: chembe ilikuwa B.

Chembe moja, masanduku mawili, hakika mbili. Wengi hapa husema hesabu imevunjika. Haijavunjika. Fuata mstari wa wakati wa kila jaribio: katika la kwanza B haikufunguliwa, katika la pili A haikufunguliwa. Ni majaribio mawili yenye mafungu mawili tofauti ya chembe, na hakuna fungu moja ambalo sentensi zote mbili zinalihusu.

Akifungua yote matatu kwa pamoja? Kila sanduku lina 300, kila moja linatoa 100 mwishoni, zilizokubaliwa ni 300, na uwezekano wa A ni theluthi. Akifungua C peke yake, zilizokutwa humo zinatoa 100. Zile 600 zisizokutwa zina mchango wa 1/3 na 1/3, yaani 2/3, mraba 4/9, na katika 900 hizo ni 400. Uwezekano wa C ni 1/5.

Hapa pana mtego wa kiufundi unaowanasa hata waliobobea. "Haikukutwa A" ni jibu moja, si majibu mawili. Ndani ya jibu moja unajumlisha amplitudo kwanza. Kati ya majibu tofauti unajumlisha uwezekano. Anayeligawa "haikukutwa A" kuwa "ilikuwa B" na "ilikuwa C" anapata theluthi badala ya hakika, kwa sababu ameingiza kipimo ambacho hakuna aliyekifanya.

Mwaka 1993 wanafalsafa W. D. Sharp na N. Shanks waliishambulia ABL kwa sababu watu walikuwa wakiitumia kujibu "kingekutwa nini kama mtu angepima", huku wakiwa na chembe zilizochaguliwa pasipo kupimwa. Mabishano yaliendelea kwa miaka na Vaidman aliitetea. Kwa mtu wa kazi, msimamo salama ni huu: tumia kanuni kwa kipimo kilichofanyika kweli. Ukitaka kuitumia kwa kipimo cha kufikirika, sema waziwazi kwamba unafikiria jaribio jingine.

Hatua ya 8: Rekodi ndefu

Mara nyingi hakuna kipimo kimoja cha katikati bali mfululizo wa vipimo dhaifu, kila kimoja kikitoa fununu kidogo. Serge Haroche na wenzake mjini Paris walikuwa na vioo viwili vyenye umbo la bakuli vikitazamana kwa umbali wa karibu sentimita 3, vimepozwa mpaka karibu na sifuri halisi, yaani ukomo wa chini kabisa wa baridi. Fotoni ya mawimbi mafupi ya redio iliweza kudumu katikati yao kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde ikigonga huku na huku. Katika muda huo nuru husafiri umbali wa kama kuizunguka dunia mara moja. Walipitisha atomu za rubidi moja moja, na kila atomu ikatoka na fununu kuhusu idadi ya fotoni bila kuzinyonya. Haroche alipata Nobel mwaka 2012 pamoja na David Wineland.

Ukiwa na rekodi kama hiyo na unataka kujua idadi ya fotoni saa fulani katikati, fanya mizunguko miwili. Mzunguko wa kwanza unatoka mwanzo wa rekodi kuja mbele, ukirekebisha makadirio yako kwa kila atomu hadi saa hiyo. Mzunguko wa pili unatoka mwisho wa rekodi kurudi nyuma hadi saa hiyo hiyo. Kisha, kwa kila idadi ya fotoni, zidisha namba ya mbele kwa ya nyuma, na ugawanye kwa jumla. Umeshaiona hesabu hiyo, ni ya hatua ya 5 iliyorefushwa. Wanaotumia matriki huweka ya mbele katika matriki ya hali, ya nyuma katika matriki ya pili ya athari, na kukiweka kipimo cha katikati baina yake. Søren Gammelmark, Brian Julsgaard na Klaus Mølmer wa Aarhus, Denmark, waliipa umbo hilo mwaka 2013, na mwaka 2015 kundi la Paris likaitumia kwenye rekodi zake za fotoni.

Faida inaonekana kwenye mchoro. Makadirio ya mbele peke yake huchelewa: fotoni ikitoweka, zinahitajika atomu kadhaa kabla mstari haujakubali kwamba imetoweka. Makadirio ya nyuma huchelewa upande wa pili. Ukiyazidisha, ngazi ya mchoro inasimama wima karibu na wakati halisi wa tukio, na mikwaruzo ya kelele inapungua.

Onyo moja tu la utekelezaji: zidisha mamia ya uwezekano mdogo kwenye kompyuta na namba zitayeyuka kuwa sifuri. Gawanya kwa jumla baada ya kila atomu, au fanya kazi kwa logi.

Hatua ya 9: Hakiki kwa kuhesabu

Usiamini sehemu ulizoandika mpaka umeziona zikihesabika. Andika programu fupi inayotuma fotoni 1,600, ichague kwa namba nasibu njia ya katikati, iichague tena mwishoni, iandike njia na tokeo, kisha itupe zote ambazo hazikupita na kuhesabu zilizobaki. Kwa pembe 0, 30 na 60 uone karibu na 1,000 zimepita na karibu na 900 zimetoka njia ya kwanza. Haitagonga sawasawa, itacheza kwa makumi kadhaa huku na huku.

Ukitaka zoezi la kubaki nalo: weka mwanzo nyuzi 0, katikati 45, mwisho 90. Fotoni ngapi katika 1,600 zinafika mwisho palipopimwa katikati, ngapi pasipopimwa, na iliyofika ina uwezekano gani wa kuwa ilitoka njia ya 45? Ukipata 800, sifuri na nusu, uko sawa. Na kama una vipande vitatu vya kichujio cha polaroidi, viwili vikivukana mpaka giza, chomeka cha tatu katikati kwa mshazari. Nuru itapita pale palipokuwa na giza, japo ni nusu tu ya hesabu yako, yaani kwa fotoni 1,600 za wima ni 400, kwa sababu kichujio kinaimeza njia ya pili badala ya kuiacha iendelee.